Kuseti pedali, swichi na magurudumu ya kinanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapiga vinanda wa kwaya, bendi na taarab wanaotumia sintesaiza au kibodi yenye pedali, nobu na swichi za kupangiwa kazi. Vinanda vingi vinavyopelekwa kwa fundi kwa matatizo haya havina ubovu wowote: kuna seti iliyokaa mahali ambapo mwenyewe hajapatazama. Maneno ya herufi kubwa ni yale utakayoyakuta kwenye kioo au kwenye paneli.

## Mambo ya mwanzo

Kontrola ni kitu gani, na swichi ina tofauti gani nayo?

Kontrola ni kila kitu kinachobadilisha noti badala ya kuipiga: gurudumu, kijiti cha mkono wa kushoto, nobu, slaida, pedali ya kupandisha na kushusha sauti. Ukikisogeza, kinatuma namba kati ya 0 na 127. Swichi yenyewe ina hali mbili tu, kuwaka na kuzima, lakini ndani ya waya nayo hutuma namba: 0 hadi 63 kinanda hukisoma kama kuzima, 64 hadi 127 kama kuwaka. Ndiyo maana nobu ukiipa kazi ya swichi haitafanya lolote mpaka ifike katikati, kisha kazi itawaka ghafla.

Menyu inaniambia CC 1, CC 7, CC 64. Namba hizi ni za nini?

CC ni kifupi cha Control Change, yaani amri ya kontrola. Namba hizi ni za MIDI, lugha iliyozinduliwa mwaka 1983 ili kinanda cha kampuni moja kiweze kuongea na cha kampuni nyingine. Kila kazi ina namba yake, na makampuni yote huzifuata. Za kukariri si nyingi: 1 ni mtetemo wa gurudumu la mod, 7 ni volyumu, 10 ni kupeleka sauti kushoto au kulia, 11 ni expression (kupandisha na kushusha sauti wakati wa kupiga), 64 ni sustain (noti kuendelea kuvuma ukiachia kitufe), 65 ni kuwasha portamento (noti kuteleza hadi nyingine), 74 ni ung'avu wa sauti, 91 ni mwangwi. Zaidi ya hizo, ni mara chache utahitaji kitu.

Nilipanga kila kitu vizuri, nikazima kinanda, kesho yake vyote vimerudi vilivyokuwa. Kwa nini?

Kwa sababu hukuhifadhi, au ulihifadhi mahali pasipo pake. Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, kwa hiyo tulitazame vizuri.

Seti za kinanda hukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni ndani ya sauti yenyewe: kwamba kijiti kikisukumwa mbele violini itetemeke, kwamba swichi ya kwanza ipandishe oktava, kwamba pitch bend (kupinda noti juu au chini) ivute nusu toni mbili. Ya pili ni seti za kinanda kizima, mara nyingi zinaitwa GLOBAL, SYSTEM au UTILITY: aina ya pedali uliyochomeka, uzito wa vitufe, chaneli ya MIDI. Za kwanza huhifadhiwa kwa WRITE au STORE ukiwa kwenye sauti ile, na lazima uchague nafasi ya mtumiaji, kwa kuwa nafasi nyingi za kiwandani hazikubali kuandikwa. Za pili vinanda vingine huzihifadhi vyenyewe, vingine hudai ubonyeze WRITE ukiwa ndani ya menyu ya GLOBAL.

Ukibadilisha kitu kwenye sauti kisha ukachagua sauti nyingine kabla ya WRITE, kimepotea hapo hapo, hata kuzima hujazima. Na umeme ukikatika katikati ya mazoezi ni hivyo hivyo. Jizoeze kuhifadhi baada ya kila badiliko unalolipenda. Usingoje umalize yote.

Mbona kijiti kinafanya kazi moja kwenye violini na nyingine kabisa kwenye ogani?

Kwa sababu hiyo ni seti ya sauti, si ya kinanda kizima. Aliyeitengeneza ogani alitaka kijiti kibadili mwendo wa spika inayozunguka, aliyeitengeneza violini alitaka mtetemo. Ukitaka vifanane, fungua kila sauti, ibadilishe na uihifadhi.

## Pedali

Sustain inafanya kinyume: nikiinua mguu sauti inavuma, nikikanyaga inakata. Pedali imekufa?

Haijafa. Ziko pedali ambazo ukikanyaga nyaya mbili ndani hugusana, na ziko ambazo ukikanyaga huachana. Watengenezaji hawakuwahi kukubaliana juu ya hilo. Vinanda vingi hutatua tatizo kwa kuikagua pedali wakati vinapowashwa: hali kinayoikuta wakati huo ndiyo kinayoichukua kuwa "mguu juu". Kwa hiyo ukiwasha huku umeikanyaga, au umechomeka jeki baada ya kuwasha, kinanda kimeelewa kinyume.

Zima. Chomeka jeki mpaka ilie. Hakikisha hakuna mguu wala mfuko wa maiki juu ya pedali. Washa. Kama bado, ingia GLOBAL utafute POLARITY uigeuze. Pedali nyingine zina swichi ndogo chini ya tumbo kwa kazi hiyo hiyo. Igeuze kinanda kikiwa kimezimwa.

Naweza kutumia pedali ya kampuni nyingine?

Ya sustain, ndiyo, kwa sharti la jibu lililotangulia. Ya expression usikimbilie kununua. Itazame jeki yake: ya sustain kwa kawaida ina pete moja nyeusi, ya expression ina mbili, kwa sababu ndani kuna nyaya tatu. Makampuni hayakupanga nyaya hizo kwa namna moja. Pedali iliyotengenezwa kwa Yamaha na iliyotengenezwa kwa Roland hazibadilishani hivi hivi. Dalili ya kukosea ni pedali inayofanya kazi sehemu ndogo tu ya mwendo wake, au inayoruka kutoka kimya hadi sauti kubwa bila kupita katikati. M-Audio EX-P ina swichi ya kuchagua mpangilio wa nyaya, na kwa anayepiga vinanda vya kuazima kila Jumapili, pedali ya namna hiyo ndiyo ningemshauri anunue.

Pedali ya expression niipe CC 7 au CC 11?

Ipe 11. CC 7 ndiyo kiwango cha juu ulichokiweka wakati wa kupima sauti, na CC 11 hupanda na kushuka chini ya kiwango hicho. Ukiipa pedali CC 7, kila ukikanyaga unafuta uwiano uliopangwa kati ya piano na nyuzi, au kati ya kinanda chako na waimbaji. Ukiipa CC 11, mguu ukifika mwisho unarudi kwenye kiwango kile kile alichokukubalia mtu wa mitambo, wala huwezi kukipita.

Kinanda kimenyamaza ghafla. Taa zinawaka, vitufe vinabonyezeka, sauti hakuna.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, isukume pedali ya expression mpaka mbele. Kama ilikuwa imelala nyuma, kinanda kinatii amri ya sifuri. Hata ukiichomoa katika hali hiyo, vinanda vingine hubaki na namba ya mwisho viliyopewa, na ndipo watu huchanganyikiwa: pedali haipo na sauti haipo. Ichomeke tena, isukume mbele, ndipo uichomoe.

Kama huna pedali ya aina hiyo, angalia LOCAL kwenye sehemu ya kompyuta hapa chini.

Nimegawa kinanda, besi kushoto na piano kulia. Nikikanyaga sustain, besi nayo inavuma na kuchafua kila kitu.

Pedali ni moja na inatuma kwa wote. Kazi yako ni kuiziba besi masikio. Ndani ya mgawanyo huo kila sauti ina orodha ya amri inazozikubali. Kwenye Roland tafuta RECEIVE HOLD-1 ya sehemu ya besi na uizime. Kwenye Korg ingia kwenye Combination, MIDI FILTER, kisha uondoe alama ya DAMPER kwa sauti ya besi (HOLD-1 na DAMPER ni majina mengine ya sustain). Hifadhi. Fanya hivyo hivyo kwa pitch bend ikiwa besi inapinda kila unapopinda solo, na kwa expression ikiwa unataka besi ibaki imara huku nyuzi zinapanda na kushuka.

Kwa maoni yangu hii ndiyo seti yenye faida kuliko zote kwa mpiga kinanda wa kwaya asiye na mpiga besi, na ndiyo isiyoguswa kabisa.

Naweza kubadili sauti kwa mguu katikati ya wimbo?

Ndiyo. Chomeka swichi ya mguu kwenye tundu la ASSIGNABLE SWITCH na uipe kazi ya PROGRAM UP. Ila mguu haujui kuchagua, unajua kusonga mbele tu, kwa hiyo zipange sauti kwa mfuatano wa nyimbo za siku hiyo. Kwenye vinanda vingi vya zamani noti unayoshikilia hukatika sauti inapobadilika; badilisha pale waimbaji wanapovuta pumzi.

## Magurudumu, kijiti na mkono wa kushoto

Kinanda changu kina kijiti kimoja, cha mwenzangu kina magurudumu mawili. Nimekosa nini?

Hujakosa kitu. Yamaha wengi wana magurudumu mawili, Roland wana kijiti cha kusukuma pembeni na mbele, Korg wana kijiti kinachokwenda pande nne. Pembeni ni pitch bend kwa wote wenye kijiti. Kusukuma mbele ni CC 1. Kwa Korg kuvuta nyuma ni CC 2, kontrola ya ziada ambayo wenye kijiti cha Roland hawana. Tofauti ya kweli ni kwamba gurudumu la mod hubaki ulipoliacha, na kijiti hurudi chenyewe ukikiachia.

Pitch bend iwe nusu toni ngapi?

Kiwandani huwa mbili kila upande, na kwa violini, filimbi na saksafoni zinatosha. Kwa solo ya gitaa ya kuangusha noti mpaka chini weka 12. Usiweke 12 kisha ukategemea kupinda nusu toni kwa ufundi wa kidole. Kidole hakina upimaji huo, na utasikika umekosea ufunguo. Kontrola hii hutuma hatua 16,384 badala ya 128 za kawaida, ndiyo maana mpindo wake ni laini. Baadhi ya vinanda hukuruhusu kuweka namba tofauti juu na chini: 2 juu na 12 chini ni mchanganyiko mzuri kwa gitaa.

Nataka spika ya ogani izunguke kwa kasi bila mimi kushikilia kijiti wimbo mzima.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, ipe swichi kazi ya kubadili mwendo wa ROTARY (spika inayozunguka) na uiseti iwe TOGGLE (bonyeza mara moja iwake, mara ya pili izime). Ya pili ni ya Korg nyingi tangu Triton: ipe SW1 kazi ya JS+Y LOCK, sukuma kijiti mbele, bonyeza SW1, achia kijiti. Kinanda kitaamini bado umekisukuma mpaka ubonyeze tena.

Aftertouch (kukandamiza zaidi kitufe ulichokwisha kupiga) haifanyi kazi hata nibonyeze vipi.

Huenda kinanda chako hakina. Vingi vya bei nafuu havina kihisio chini ya vitufe, ingawa sauti zake zinaweza kuitikia aftertouch ikitoka kinanda kingine. Kama kwenye orodha ya vyanzo AFTERTOUCH ipo lakini kubonyeza hakuleti kitu, soma ukurasa wa sifa katika kijitabu chake kabla ya kulaumu vitufe. Mtetemo huo huo unaupata kwa CC 1.

## Swichi na nobu

TOGGLE na MOMENTARY, nichague ipi?

TOGGLE hubonyezwa mara moja ikawaka, mara ya pili ikazima. MOMENTARY huwaka tu wakati umeibonyeza. Chochote kinachodumu ubeti mzima, kama oktava au mwendo wa ogani, kiwe TOGGLE. Kinachopita kwa noti moja mbili, kama portamento kwenye mvuto wa violini, kiwe MOMENTARY, maana TOGGLE utaisahau ikiwa imewaka.

Nina swichi mbili na nobu nne. Nizipe kazi gani?

Chache kuliko unavyofikiri. Swichi ya kwanza iwe oktava, ya pili iwe kitu kinachoibadilisha tabia ya sauti waziwazi. Nobu ya kwanza iwe ung'avu (CC 74), ya pili mwangwi (CC 91), na mbili zilizobaki ziachie kazi za kiwandani. La muhimu ni nafasi zisibadilike: kama nobu ya kwanza ni ung'avu kwenye sauti moja, iwe ung'avu kwenye sauti zako zote. Jukwaani hakuna muda wa kusoma kioo.

Korg huandika SW1 na SW2, Roland mara nyingi S1 na S2, Yamaha huandika ASSIGN. Kazi ni ile ile.

Nikigusa nobu kidogo, sauti inaruka badala ya kwenda taratibu.

Nobu ilikuwa imesimama 100 wakati sauti uliyofungua ina 20. Ulipoigusa, kinanda kilipokea 101. Menyu nyingi zina chaguo la CATCH, linalofanya nobu isisikike mpaka ipite kwenye namba ya sauti. Wengine huona inachelewesha; kwa ibada na harusi naipendelea kuliko mshtuko.

Mpiga gitaa anasema niko juu nusu toni, na mimi napiga ufunguo ule ule.

Angalia TRANSPOSE. Mtu aliyepiga kabla yako aliiacha. Kwenye vinanda vingine ikihifadhiwa hubaki hata baada ya kuzima na kuwasha, kwa hiyo ifanye jambo la kwanza kutazama unapokalia kinanda kisicho chako.

## Robo toni na taarab

Nitapataje robo toni kwenye kinanda cha kawaida?

Tafuta SCALE TUNE au MICRO TUNING. Utaona noti 12 na kila moja ina namba ya senti. Nusu toni moja ni senti 100, robo toni ni 50. Rasti, bayati, hijazi na nahawandi ni maqamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu. Kwa rasti ya Do, shusha noti za Mi hadi -50 na Si hadi -50. Kwa bayati ya Re, shusha Mi tu. Hijazi na nahawandi zinapigika bila kugusa chochote. Namba -50 ni pa kuanzia: sikiliza violini na mwimbaji, kisha sogeza senti chache juu au chini mpaka zikae.

Yamaha za mfululizo wa PSR-A na Korg za mfululizo wa Pa zina njia ya mkato ya robo toni, kwa kuwa walengwa wake ni pamoja na wapigaji wa muziki wa Kiarabu. Kwenye kinanda kisicho na menyu hii kabisa, pitch bend ya robo toni kwa mkono itakuchosha kabla ya ubeti wa pili.

Wimbo unaanza na rasti unaingia nahawandi. Nibadilishe vipi bila kusimama?

Mpiga kanuni, ala ya nyuzi ya taarab, hugeuza vipini vidogo vilivyo kando ya nyuzi katikati ya wimbo, na wapigaji wa vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa 1905, hawasimami kwa ajili hiyo. Kwenye kinanda kipini chako ni swichi. Kama kinanda kinaruhusu SCALE TUNE kupangiwa swichi au pedali, iseti TOGGLE. Kama hakiruhusu, hifadhi sauti ile ile mara mbili, moja yenye rasti na nyingine ya kawaida, ziwe jirani, na uhame kwa PROGRAM UP kama ilivyoelezwa kwenye sehemu ya pedali.

Usisahau kurudi. Noti ya Si iliyoshushwa ikikutana na nahawandi ya Do yenye Si ya kawaida, kila mwisho wa mstari utasikika umepinda, na wa kwanza kukugeukia atakuwa mwimbaji. Jihadhari pia na gitaa na besi zenye vizuizi shingoni: Mi yao ni ya kawaida, kwa hiyo kubalianeni mapema waipishe noti ile.

## Kompyuta na kinanda cha pili

Nikiunganisha kinanda na kompyuta, kila noti inasikika mara mbili.

Noti inapigwa na kinanda chenyewe, kisha inakwenda kwenye programu, programu inairudisha, na kinanda kinaipiga tena. Zima LOCAL (ni CC 122) ndani ya menyu ya MIDI. Vitufe vitatuma kwa kompyuta tu, na sauti itapigwa mara moja inaporudi.

Nimeondoa waya, sasa kinanda ni bubu.

LOCAL bado imezimwa. Iwashe. Vingine hujiwasha vyenyewe ukizima na kuwasha, vingine havijiwashi.

Nobu zangu hazifanyi kitu kwenye programu ya kurekodia.

Programu haijui nobu ile ni ya nini. Nyingi zina amri ya kujifunza: bofya kitu unachotaka kukiongoza, chagua MIDI LEARN, zungusha nobu, imekwisha. Kama programu haioni chochote, hakikisha nobu inatuma CC na kwamba chaneli ya kinanda ndiyo inayosikilizwa. MIDI ina chaneli 16 kwa kila lango, na kutuma kwenye ya 1 huku programu inasikiliza ya 2 ni kosa la kila siku.

## Yasiyo ya kawaida

Noti imeganda, haikatiki.

Mara nyingi ulibadili chaneli au uligawa kinanda huku umekanyaga sustain: amri ya "mguu chini" ilikwenda upande mmoja, ya "mguu juu" ikaenda kwingine. Kanyaga na uachie tena. Ikishindikana tafuta kitufe cha PANIC, kinachotuma CC 123 ya kukata noti zote. Kama huna, zima na uwashe.

Sauti inapanda na kushuka yenyewe, hakuna aliyegusa kijiti.

Hili sasa linaweza kuwa ubovu wa kweli. Vumbi na unyevu wa pwani huingia kwenye kontrola na kuzifanya zitume namba ovyo. Kwanza jaribu CALIBRATION kwenye GLOBAL, kama ipo: kinanda kitakuomba usukume kijiti mpaka mwisho kila upande kisha ukiachie. Kama namba bado zinacheza, ni kazi ya fundi mwenye dawa ya kusafishia mguso wa umeme. Mafuta ya cherehani yasikaribie hapo. Mpaka apatikane, weka pitch bend kuwa 0 kwenye sauti utakazotumia na uendelee kupiga.

Nirudishe kinanda kwenye hali ya kiwandani?

Liwe la mwisho, na nakili sauti zako kwenye flashi kwanza, kwa maana FACTORY RESET kwenye vinanda vingi hufuta kila ulichohifadhi. Mara nyingi inatosha kurudisha GLOBAL peke yake bila kugusa sauti. Kwenye Yamaha nyingi ndogo za PSR-E, kuwasha huku umeshikilia kitufe cheupe cha mwisho kulia husafisha kumbukumbu ya seti. Kama kinanda ni cha kanisa au cha kikundi, waulize wenzako kwanza nani kahifadhi nini humo.